Makala iliyorejelewa mara sita

Kazi yangu ni ukutubi katika chuo kimoja cha hapa Iringa. Kila mwaka, baridi ya Juni na Julai inapoingia na kila mtu anapoandika akiwa ndani ya koti, baadhi ya walimu huja maktaba kuomba msaada wa kuandaa taarifa ya machapisho yao kwa ajili ya kupandishwa cheo. Wengi huja na orodha pamoja na haraka. Mwaka huu alikuja mhadhiri wa kemia anayeomba uhadhiri mwandamizi, mtu wa Rungwe aliyeoa huku na ambaye salamu ya Kihehe ameshaifanya yake.

“Kamwene, dada,” alisema, akaweka simu mezani. “Kuna namba hapa zinanisifu, lakini sidhani kama anayesifiwa ni mimi.”

Wasifu wake wa kitaaluma mtandaoni ulionyesha faharisi h ya 7. Kwa asiyeizoea, faharisi hiyo ilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na hesabu yake mtu anaweza kuifanya kwenye karatasi. Unapanga makala za mtafiti kuanzia iliyorejelewa mara nyingi zaidi hadi iliyorejelewa mara chache, kisha unashuka ukihesabu, na unasimama kwenye makala ya mwisho ambayo idadi ya kurejelewa kwake bado haijawa ndogo kuliko nafasi yake katika orodha; namba ya nafasi hiyo ndiyo faharisi. Ninaposema kurejelewa, nina maana ya kutajwa katika makala iliyochapishwa na mtu mwingine au na mwandishi mwenyewe. Katika vyumba vya walimu neno linalosikika zaidi ni saitesheni.

Tulipofungua orodha yenyewe, tuliona kuwa Dokta alikuwa na haki ya kutia shaka. Kati ya makala zilizohesabiwa kuwa zake, nne zilihusu magonjwa ya kuku, na yeye hajawahi kufuga kuku hata wa kitoweo. Jina lake la ukoo huanza na Mwa-, kama yalivyo majina mengi ya Mbeya, na mfumo uliokusanya machapisho ulimwona mtafiti mwingine mwenye ukoo huo na herufi ileile ya kwanza ukaamua kuwa ni mtu mmoja. Upande wa pili, makala yake mbili zilikuwa zimepotea, kwa sababu jarida moja lilichukua jina lake la ubatizo likalifanya la ukoo. Tatizo la namna hii ndilo lililofanya kitambulisho cha ORCID kianzishwe mwaka 2012: tarakimu 16 zinazomfuata mtafiti popote jina lake linapopinduliwa. Nilimfungulia siku hiyohiyo, na nakiri kwamba kwa muda mrefu nilikuwa nikiwahimiza walimu wajisajili bila mimi mwenyewe kuwa na mfano mzuri wa kuwaonyesha.

Baada ya kuondoa kuku na kurudisha zilizopotea, makala zake zilijipanga hivi kwa idadi ya kurejelewa: 38, 17, 11, 6, 5, 3, 1, na mbili ambazo hazijawahi kutajwa na mtu. Makala ya tano imerejelewa mara 5. Ya sita imerejelewa mara 3 tu. Faharisi h yake, kwa hiyo, ni 5. Kipimo kingine, i10, ambacho Google Scholar ilikianzisha mwaka 2011 na ambacho huhesabu makala zilizofikisha marejeleo 10, kilimpa 3. Alizitazama namba hizo kimya, kisha akasema kuwa sasa angalau anamfahamu mtu anayezungumziwa.

Fani yake ni kutafuta dawa kwa kompyuta, na bila kuielewa kidogo huwezi kuzisoma namba hizo. Kazi huanza na protini ambayo ugonjwa hauwezi kuendelea bila hiyo. Umbo la protini hiyo, likiwa limeshapatikana maabara, hupakuliwa bure kutoka Benki ya Data ya Protini, hazina iliyoanzishwa mwaka 1971. Na tangu programu ya AlphaFold2 ilipochapishwa mwaka 2021, hata protini ambazo umbo lake halijapimwa zinaweza kukisiwa, kazi iliyowapa Demis Hassabis na John Jumper nusu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 2024, nusu ya pili ikienda kwa David Baker. Kisha mtafiti huchukua maelfu ya molekuli na kuiamuru programu ijaribu kuipachika kila moja katika kishimo cha protini, ikiigeuza na kuikunja, na kuipa alama. Hatua hiyo huitwa dokingi. Dokta huifanya nyumbani kwa kompyuta mpakato, usiku, na anasema jirani zake wanajua kazi imeanza pale feni inapolia kama mashine ya kusaga.

Molekuli zake nyingi zinatokana na mimea, na amezitoa katika hazina kama AfroDb, iliyochapishwa mwaka 2013 na kundi la Fidele Ntie-Kang wa Kameruni, ikiwa na zaidi ya molekuli 1,000 kutoka mimea dawa ya Afrika. Programu anayotumia ni AutoDock Vina ya Oleg Trott na Arthur Olson wa taasisi ya utafiti ya Scripps, Marekani, ambayo makala yake ya mwaka 2010 imerejelewa mara makumi ya maelfu. Hapo ndipo mizani ya fani hii inapoegemea upande mmoja, na nadhani wajumbe wa kamati za vyeo wasio wanakemia hawaambiwi: anayetengeneza chombo hutajwa na kila anayekitumia, ilhali anayekitumia kutafuta dawa ya ugonjwa fulani hutajwa na wachache wanaoujali ugonjwa huo. Si jambo geni. Makala ya Lowry na wenzake ya mwaka 1951, iliyoeleza namna ya kupima kiasi cha protini, imerejelewa zaidi ya mara 300,000, na ni njia ya kupimia tu, haielezi ugunduzi wa dawa yoyote.

Nilimwomba Dokta aniachie siku mbili nizisome zote 38, yaani kila makala iliyoitaja ile yake ya kwanza katika orodha. Si kazi ya kawaida ya mkutubi, na bosi wangu alinitazama kwa jicho la pembeni, lakini nilitaka kujua namba hiyo imetengenezwa na nini. Makala yenyewe ni ya mwaka 2020. Mapema mwaka huo, umbo la kimeng'enya kikuu cha kukata protini cha kirusi cha korona liliwekwa katika Benki ya Data ya Protini kwa namba 6LU7, na duniani kote watu waliokuwa wamefungiwa nyumbani wakaanza kukipachikia molekuli za kila mmea wanaoufahamu, Dokta akiwa mmoja wao. Katika marejeleo yale 38, saba aliyafanya yeye mwenyewe katika kazi zake za baadaye. Ishirini na sita yalikuwa katika sentensi ya kwanza au ya pili ya utangulizi, ile sentensi inayosema kuwa watafiti wengi wamechunguza mimea, ikifuatiwa na mabano yenye majina kumi. Yaliyobaki, matano, yalitumia njia yake kwa namna ambayo ningeweza kuionyesha kwa kidole.

Nilipompa matokeo hayo hakuona haya, bali alicheka. Alinieleza kuwa alama za dokingi huhesabiwa kwa kilokalori kwa moli, na kwamba programu hizi hukosea kwa kilokalori 2 au hata 3, wakati ambapo tofauti ya 1.4 hivi inatosha kubadili nguvu ya kushikamana mara kumi. “Sasa mtu akikuandikia kwamba molekuli yenye -8.4 ni bora kuliko yenye -7.9,” alisema, “huyo anapima unga kwa mzani wa magunia.” Makala yake ya 2020, kwa maneno yake, ilikuwa na sentensi tatu za namna hiyo. Dawa iliyokuja kuidhinishwa dhidi ya kimeng'enya kile, nirmatrelviri iliyomo katika Paxlovid, ilitoka katika kampuni yenye wanakemia wa kuitengeneza, kuijaribu na kuirekebisha molekuli tena na tena. Iliidhinishwa kwa dharura Marekani Desemba 2021.

Makala ya nne katika orodha, iliyorejelewa mara 6, ilinishika zaidi. Inahusu alkaloidi (kemikali za asili) za mjafari, mti ambao magome yake wazee wengi wanayafahamu kwa homa, na kimeng'enya cha vimelea vya malaria kinachoshambuliwa na pirimethamini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo katika SP, dawa ya malaria. Hapa moja tu kati ya sita lilikuwa lake mwenyewe. Manne yaliijadili kazi hiyo kwa aya nzima, likiwamo moja lililotumia faili zake za maumbo, ambazo aliziweka mtandaoni bila masharti. Na la sita lilitoka katika maabara ya nchi nyingine, ambako molekuli aliyoipa nafasi ya kwanza ilijaribiwa kwenye kimeng'enya chenyewe, ikaonekana haikizuii kwa kiwango cha maana, huku ile aliyoiweka ya tatu ikifanya kazi kidogo.

Nilikuwa nimeiweka makala hiyo nafasi ya nne katika jedwali la kiambatisho, kwa kufuata mpangilio wa idadi, na niliona haya kuitaja. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, ile kauli ya DORA iliyotokana na mkutano wa 2012, inashauri utafiti upimwe kwa maudhui yake na si kwa jarida lililouchapisha. Lakini kamati ni kamati, na hujui nani atasoma kurasa ngapi.

“Dokta,” nilimwambia, “wakiona kwamba kuna waliokupinga?”

“Dada, hao ndio watu pekee waliochukua bomba na dawa za maabara kwa sababu ya kitu nilichoandika. Hiyo ndiyo itangulie.”

Basi niliikata kutoka chini, nikaibandika juu ya ile yenye 38, nikaandika aya moja inayoeleza kila rejeleo kati ya yale sita limetoka wapi na limefanya nini, kisha nikaanza kurekebisha namba za kurasa.