Gari la paa la kukunja katika nchi ya mvua na chumvi

Mgeni anayefika Uingereza kutoka pwani ya Kenya hushangaa kuona kwamba watu wa nchi hii, ambao huilalamikia mvua yao kila siku, wanayapenda magari ya wazi kuliko hata sisi tuliojaliwa jua mwaka mzima. Jumamosi moja yenye mwanga mwezi wa Aprili inatosha: nyuzijoto 12 tu, na barabara za Stockport, mji wa kaskazini mwa Uingereza ninakoishi, zinapitwa na vigari vya viti viwili vilivyokunjwa paa, wenyewe wakiwa wamevaa makoti na kofia za sufu. Mimi nami ni mmoja wao. Gari langu ni Mazda MX-5 ya kizazi cha pili, yenye injini ya lita 1.8, iliyosajiliwa mwaka 2003, na ndugu zetu walioko huku wamekuwa wakiniuliza kama gari la namna hiyo ni la kutegemewa. Ninawajibu kwa kirefu, kwa sababu jibu halipatikani pale ambapo wengi wetu tumezoea kulitafuta.

Kwetu, anayenunua gari hufungua boneti, husikiliza injini, hutazama rangi ya moshi, halafu humwuliza fundi kama spea zinapatikana. Kwa kipimo hicho MX-5 hupita bila taabu. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Chicago mwezi Februari 1989, na waliolibuni walikuwa wakivitazama vigari vyepesi vya Kiingereza vya miaka ya 1960, hasa Lotus Elan, ila wao walitaka kigari ambacho kingewaka kila asubuhi. Hawakuhangaika kubuni injini ya mashindano. Walichukua injini ya silinda nne ya ukoo ule ule uliosukuma Mazda 323, gari ambalo wasomaji wa Nairobi na Mombasa wa umri wangu wanalikumbuka vizuri, wakaigeuza ikae kwa urefu na kuzungusha magurudumu ya nyuma. Gari zima lina uzito wa takriban tani moja, kwa hiyo injini haitoki jasho, na mwenye kubadilisha oili kwa wakati wake na taimingi belti, ule mkanda unaoendesha vali za injini, kila maili 60,000 hana sababu ya kulala na wasiwasi. Kufikia Aprili 2016 kiwanda kilikuwa kimetoa magari haya milioni moja, na sifa yake ya kutosumbua imeenea kiasi kwamba wauzaji huitaja kabla hata hujauliza.

Tatizo ni kwamba sifa hiyo ni ya injini, na MX-5 nyingi za zamani zinazopelekwa kwa wakata vyuma wa huku huenda huko injini zao zikiwa bado zinanguruma vizuri. Kinachoziua ni kutu.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa chumvi inafanya nini kwenye chuma. Aliyekulia karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni, au hata Likoni tu, amekwisha kuona mabati yakitoboka na baiskeli ikiliwa mnyororo. Nilichokuwa sikijui kabla ya kuhamia huku ni kwamba kuna nchi inayoimwaga chumvi barabarani kwa makusudi, kwa malori, kila inapotabiriwa kuwa usiku utakuwa wa barafu. Chumvi yenyewe ni mawe ya rangi ya hudhurungi yanayochimbwa chini ya ardhi, na machimbo makubwa kuliko yote ya namna hiyo nchini yako Winsford, katika jimbo hili jirani la Cheshire. Bila chumvi hiyo watu wangeumia barabarani, kwa hiyo sina ugomvi nayo; lakini magurudumu huirusha pamoja na maji chini ya gari, ikajibana katika kila pembe, na kuanzia Novemba hadi Machi chuma hakipati siku ya kukauka.

Gari lolote hupata adha hiyo. Gari la paa la kukunja hupata na nyingine ya kutoka juu. Paa la turubai haliwezi kumwaga maji yote pembeni kama paa la bati, kwa hiyo waundaji wameweka mfereji nyuma ya viti, mahali turubai linaposhikana na mwili wa gari, na kila upande mfereji huo unaishia kwenye tundu lenye mpira unaoshuka ndani ya mwili wa gari na kuyatoa maji chini, karibu na gurudumu la nyuma. Mpango ni mzuri mpaka majani yaanze kuanguka. Mtu anayeegesha gari chini ya mti, na mitaa ya Stockport imejaa miti, atakuta baada ya muda tundu limezibwa na tope jeusi la majani yaliyooza, kuvu na vumbi. Maji yakikosa njia hufurika. Yakifurikia ndani, mwenyewe ana bahati, kwa sababu ataona zulia limelowa na kunusa uvundo. Yakipenya kuingia kwenye vizingiti, yaani yale maboksi marefu ya chuma yaliyo chini ya milango, hukaa humo kimya yakila chuma kutoka ndani kwenda nje, huku rangi ya nje iking'aa.

Kuyazibua ni kazi ya mtu yeyote mwenye subira. Nalegeza paa nusu, nasogeza viti mbele, nainua zulia kwenye pembe iliyo nyuma ya mkanda wa usalama, kisha naingiza mkono hadi vidole vifike kwenye tundu, ambalo halionekani kwa macho bila tochi. Natumia uzi mnene wa plastiki wa mashine ya kufyekea nyasi, kwa sababu waya wa chuma unaweza kutoboa ule mpira na kuleta balaa kubwa kuliko lile la kuzibwa. Nikishausukuma mpaka ukapita, namimina jagi la maji polepole na kuchungulia chini ya gari. Mwanzoni hutoka matone meusi yenye harufu ya kinamasi, halafu ghafla mkondo unafunguka na maji safi yanamwagika kwenye lami. Upande wa kushoto wa gari langu huziba zaidi kuliko wa kulia, kwa sababu ndio ulioelekea mti wa jirani.

Kwa anayetaka kununua, nasema hivi bila kusita: ukipewa magari mawili, moja lenye vizingiti vizima na injini inayolalamika, jingine lenye injini tamu na vizingiti vya mashaka, chukua la kwanza. Injini ya kubadilisha ipo tele na fundi yeyote anaijua. Vizingiti vilivyooza hukatwa, hutengenezwa upya tabaka kwa tabaka na kuchomelewa, na gharama yake kwa pande zote mbili inaweza kukaribia bei ya gari zima. Nenda na sumaku nyembamba iliyofungwa kwenye kitambaa ili usikwaruze rangi, uipitishe kwenye kizingiti, hasa sehemu ya nyuma inayokutana na tao la gurudumu. Mahali ambapo sumaku haishiki hapana chuma, pana puti, ule unga wa kuzibia matundu kabla ya kupaka rangi. Puti tunaijua vizuri tangu kwetu, na Mwingereza anayeuza gari lake kwa haraka anaijua vile vile.

Kuna silaha nyingine ambayo ningependa tungekuwa nayo Kenya. Gari la kawaida nchini humu likishatimiza miaka mitatu hupelekwa kila mwaka kwenye ukaguzi unaoitwa MOT, ambao ada yake ya juu kabisa imewekwa na serikali kuwa pauni 54.85, na historia ya ukaguzi huo inasomwa bure kwenye tovuti ya serikali na yeyote mwenye namba ya gari. Humo utaona maili zilizoandikwa kila mwaka, gari liliposhindwa na kwa nini, na maonyo ambayo mkaguzi aliyaandika hata pale alipolipitisha. Niliwahi kutazama kigari chekundu huko Bolton, kizuri cha kutamanisha, mwenyewe akiapa kuwa hakijawahi kuguswa na moto wa kuchomelea. Nikiwa nimesimama pale pale uani kwake nilisoma kwenye simu kwamba miaka miwili nyuma kilishindwa ukaguzi kwa kutu karibu na mahali mkanda wa usalama ulipofungwa, na kikapita muda mfupi baadaye. Kwa kawaida kutu iliyokithiri ndani ya sentimita 30 za mahali kama hapo, au za mahali panaposhika springi na usukani, huliangusha gari kwenye ukaguzi, na hairekebishwi kwa rangi. Nilimshukuru yule bwana nikaondoka, hakuniuliza sababu.

Kizazi cha pili kina ugonjwa wake wa pekee pia, na usiponijia mimi kuuliza utakujia kwa bili. Mihimili miwili ya chuma iliyo mbele, inayobeba injini na mikono ya magurudumu, imeundwa kwa chuma cha tabaka zaidi ya moja, na maji yakiingia katikati ya tabaka hizo chuma hubambuka kama maganda ya kitunguu. Huwezi kuiona ukiwa umesimama. Lazima gari liinuliwe, na mara nyingi kinga ya plastiki iliyo chini ya injini itolewe kwanza. Muuzaji asiyekubali gari lake liinuliwe ameshajibu swali lako.

Nikitoka kwenye kutu, mambo mengine ni madogo. Koili na nyaya za plagi huchoka na umri, na injini ikaanza kumisi siku za unyevu. Kubadilisha zote ni kazi ya saa moja uani. Waya wa kupandishia vioo vya milango hukatika. Breki za nyuma hukwama kwa gari lililoachwa wiki nyingi bila kutembea, na hilo ndilo kosa la wengi wanaolifungia gari lote la baridi wakidhani wanalitunza. Betri iko kwenye buti, sehemu ya mizigo ya nyuma, si mbele, na huwa ndogo, kwa hiyo asiyeliendesha gari mara kwa mara huikuta imekufa.

Dogo lililonitia aibu lilikuwa la klachi. Nilikuwa nateremka kutoka Buxton kuelekea Macclesfield, ile barabara ya kona nyingi inayopita kwenye vilima vitupu, paa likiwa wazi na mimi nikijiona mfalme, ndipo nilipokanyaga klachi na pedeli ikashuka hadi sakafuni na kubaki huko huko. Niliivuta kwa ncha ya kiatu, nikaikanyaga harakaharaka mfululizo mpaka ikapata nguvu kidogo, nikaweza kubadilisha gia na kufika kwenye maegesho. Baada ya hapo nikashuka mjini kwa gia ya tatu tu, nikiomba taa zote ziwe kijani. Kumbe silinda ndogo ya klachi, iliyofungwa ubavuni mwa gia boksi, ilikuwa ikivuja. Ilikuwa spea ya bei ya kutupa iliyowekwa zamani na mtu nisiyemjua. Ile mpya haikufika hata bei ya tangi moja la petroli, na fundi aliimaliza kabla chai yangu haijapoa.

Paa lenyewe, ambalo kila mtu hulihofia, ndilo lililonisumbua kidogo kuliko vyote. Ni turubai, fremu ya chuma na lachi mbili juu ya kioo cha mbele. Unalifungua kwa mkono ukiwa umekaa kwenye kiti. Halina mota wala pampu. Rafiki yangu mmoja ana gari dogo la kampuni nyingine lenye paa la bati linalojikunja lenyewe kwa kubonyeza kitufe, na majirani huja kutazama. Siku kimojawapo cha vitambuzi vya umeme vya paa hilo kilipokataa, paa lilisimama katikati, nusu angani, mvua ikianza. Masharti ya turubai ni machache: usilikunje likiwa limelowa ukaliacha, usilikunje likiwa limeganda kwa baridi, na usilisugue kwa sabuni kali.

Mjomba wangu wa Mombasa nilipomtumia picha alinipigia usiku huo huo. "Mwanangu, na mzigo utaweka wapi?" Nilimweleza kuhusu buti, nikamtajia kwamba begi moja dogo linaingia. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ningeweza kulisafirisha kwao akapata kwendea nalo harusini. Hilo haliwezekani, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Wenye ndoto ya kurudi na kigari chao wajue hivyo mapema. Na wanaokusudia kwenda nalo London waingize namba yake kwenye tovuti ya jiji kwanza: tangu Agosti 2023 eneo la kudhibiti moshi limeenea mitaa yote ya London, ada kwa gari lisilotimiza kipimo ni pauni 12.50 kwa siku, na kipimo cha magari ya petroli ni Euro 4, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi, ambacho kwa kawaida hutimizwa na yale yaliyosajiliwa baada ya 2005.

Kwa wanaoishi kaskazini kama mimi, jambo la kupanga mapema ni nta ya chini ya gari. Gari huinuliwa, huoshwa chini kwa maji ya nguvu, huachwa likauke kabisa, halafu fundi hupuliza nta nyembamba ndani ya vizingiti kupitia matundu yaliyozibwa na vifuniko vya mpira, na nyingine nzito zaidi kwenye mihimili na matao. Ikipakwa juu ya chuma chenye unyevu hufungia maji ndani na kuharakisha kile kile unachokikimbia, ndiyo maana fundi wangu hapokei kazi hiyo baada ya Septemba. Mwaka huu nimemwekea nafasi mwezi wa Agosti, na ameniomba nilete gari likiwa na tangi karibu tupu na mazulia yakiwa yametolewa.