Mia tano yangu

Mwezi wa nne huku Rungwe mvua huja kama mgeni aliyebeba na godoro. Asubuhi ile ya 2005 ilikuwa inanyesha wakati mama aliponigongea mlango na kuniambia kuwa mzee wa upande wa mtoni amefariki usiku. Baba alikuwa Kyela, amefuata mpunga.

"Utakwenda wewe," mama akasema. Akanipa noti ya mia tano na sado la unga.

Nilikuwa na miaka 19. Nilishamaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kutazamwa kwa jicho moja, na siku zangu zilipita barabarani nikiwauzia ndizi abiria wa magari ya Tukuyu na Mbeya. Misibani nilikwenda tangu utoto, lakini kazi yangu nilikuwa naijua: kuchota maji, kusogeza mabenchi, kula mwisho.

Chini ya turubai katibu wa kamati alikuwa na daftari la kaunta kapakatia. Nikamwamkia, nikampa mia tano, nikataja jina la baba. Akaandika. Hakuinua kalamu.

"Na wewe?"

"Hiyo ndiyo ya nyumbani, baba."

"Ya nyumbani nimeiona. Nakuuliza wewe. Unaitwa nani, majina yote matatu?"

Mtu huyu alinijua tangu nabebwa mgongoni. Siku zote aliniita "mtoto wa fundi", na sidhani kama alikuwa amewahi kulihitaji jina langu. Wanaume waliokuwa nyuma yangu wakanyamaza kusubiri. Kwenye mfuko wa suruali nilikuwa na elfu tatu, akiba ya wiki kadhaa, ya viatu vya mtumba nilivyoviona soko la Mwanjelwa, Mbeya. Nikatoa mia tano. Niseme ukweli, niliitoa kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa na huku anatazamwa.

Nikachukua ndoo nielekee mtoni. Mzee mmoja akaninyang'anya, akanikabidhi beleshi.

Makaburi yalikuwa nyuma ya migomba. Tulichimba wawili wawili kwa zamu. Udongo wa juu ni mweusi na laini, unakatika kama ugali uliopoa. Ukishuka kiunoni unakutana na changarawe za kijivu, nyepesi mno, ambazo ukizitia kwenye ndoo ya maji zinaelea. Ule mlima wetu ndio uliozitema enzi za volkano, na huko chini zinamwagika kila unapogusa, unachimba shimo lile lile mara mbili. Mvua nayo haikutuonea huruma. Nilipofika kimo cha shingo na kutazama juu, niliona miguu ya watu tu na kipande cha mbingu, na nikawaza jambo ambalo kila aliyewahi kuchimba kaburi nadhani amewahi kuliwaza.

Kilichonishangaza ni utani. Nilidhani wanaume huchimba kaburi kimya. Kumbe walikuwa wanacheka, kwa sauti ya chini ili wafiwa wasisikie. Walimkumbuka marehemu enzi za kodi ya maendeleo, alivyolala usiku mzima kwenye migomba yake mgambo wakimtafuta ndani ya nyumba.

"Hawa wa leo wamekuwa wakubwa bure," mzee wa beleshi akasema, ananionyesha kwa kidevu. "Kodi imefutwa 2003. Hajawahi kukimbizwa hata na kuku."

Nikacheka nao. Sikuwaambia kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyewahi kunikimbiza, kwa ajili ya maparachichi yake, nikiwa darasa la tatu. Aliponikamata hakunichapa. Alinibebesha yale maparachichi hadi nyumbani kwetu nimweleze mama yalikotoka, na hilo lilikuwa baya kuliko fimbo. Nikiwa ndani ya shimo lake niliona kwamba sikuwahi kumwomba radhi. Nikachimba zamu mbili zaidi, na waliponiambia nipande nipumzike nilijifanya sijasikia.

Nilipopanda hatimaye, mzee akanivuta mkono. "Ndaga fijo," akasema, asante sana kwa Kinyakyusa, kama anavyomwambia mwanamume mwenzake.

Baada ya maziko, nikiwa na matope hadi masikioni, nilinyanyua jagi ninawishe watu kama kawaida yangu. Kijana wa darasa la sita hivi akalishika. Tukalivutana kidogo. Mwishowe nikanyoosha mikono, akanimwagia maji, mimi naona aibu, yeye wala. Tukala mbalaga, ndizi za kupika, na maharage kwenye sinia moja na katibu. Alikula haraka sana yule mzee. Usipojihadhari unaamka na njaa.

Jioni michango ikasomwa. Jina la baba likapita. Majina mengi yakafuata, kisha langu, matatu kamili: mia tano. Hakuna aliyegeuka kunitazama.

Viatu sikuvipata, niliporudi Mwanjelwa vilikuwa vimeshauzwa. Mwaka ule ule, kabla ya uchaguzi, nilipanga foleni ya kujiandikisha kwenye daftari lingine, lile la wapiga kura, nikiwa na kandambili. Kwa bahati picha ya kadi ilikuwa ya uso tu.