Eti nampenda Billie kwa sababu aliumia

Mzee wa Kaseti kanitupia neno Jumamosi kuhusu Billie Holiday, mwimbaji wangu wa jazz, na mpaka leo sijalimeza. Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angelisema kwa ubaya ningemjibu palepale, mnanijua.

Kikao chetu mnakijua kinavyokwenda: uani kwake Magomeni, mkeka, kahawa, kashata za nazi za Mama Mpemba, kila mtu anakuja na wimbo wake mmoja, na ukishaupiga lazima uutetee. Safari hii mada ilikuwa waimbaji wa kike wa jazz. Mzee alianza kwa onyo: asije mtu na Morogoro Jazz, ile ni dansi, jazz iko kwenye jina tu. Mama Mpemba akauliza kama Bi Kidude anaruhusiwa. Akaambiwa haruhusiwi. Akasema basi nyote mnagombea nafasi ya pili, akarudi kwenye kahawa yake.

Yule kijana wa Ubungo alimleta Somi, ambaye wazazi wake wametoka Rwanda na Uganda na yeye kazaliwa Illinois. Alitupigia wimbo kutoka kwenye albamu yake ya 2022, ile ya nyimbo za Miriam Makeba. Nilipenda. Mwalimu akamleta Ella Fitzgerald wa Berlin, 1960, ile siku alipopanda jukwaani akaimba "Mack the Knife", katikati maneno yakampotea, akaanza kutunga yake hapohapo, akamwiga na Louis Armstrong humohumo, watu wakashangilia na mwisho wake akapewa Grammy. Tulicheka kama vile hatujawahi kuusikia. Mzee mwenyewe alikuwa na Sarah Vaughan, nani asiyejua. Kila mwaka Sarah. Akatueleza tena jinsi alivyopiga kinanda kanisani kule Newark akiwa mtoto, na jinsi Earl Hines alipomchukua kwenye bendi mwaka 1943 alivyomchukua aimbe na apige piano ya pili. "Sauti ile ni lifti," anasema Mzee. "Inashuka chini kabisa, inapanda juu kabisa, na wewe uliyemo ndani husikii mtikisiko."

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilipiga "I'm a Fool to Want You" ya Billie Holiday, kutoka "Lady in Satin", albamu ya 1958. Mwaka uliofuata alifariki, miaka 44 tu. Sauti imekwaruzika, imekonda, na nyuma yake kuna fidla laini za orkestra nzima ya Ray Ellis. Ulipoisha palikuwa kimya kidogo, nikadhani ni kimya cha heshima.

Sasa hapa nitaandika kama ilivyokuwa, nione kama kwenye maandishi itapungua makali.

Mzee: "Binti yangu, wewe huyu mama humsikilizi anavyoimba. Unasikiliza alivyoumia."

Mimi: "Kwani vinatenganishwa, mzee?"

Mzee: "Kwa Sarah vinatenganishwa. Huyu ukimtoa machozi, unabaki na nini? Ndiyo maana mwanamke akishapitia jambo, ndipo anaanza kumpenda."

Akishapitia jambo.

Mama Mpemba akaangalia sahani ya kashata. Mwalimu akajifanya anatafuta simu. Wote waliokuwa pale wanalijua jambo lenyewe ni lipi, na nyie mliosoma hapa mwaka juzi mnalijua, sina haja ya kulirudia. Na mimi nikajibu nini? Nikasema, "Sawa, mzee." Basi. Sawa, mzee! Nikanywa kahawa iliyokwisha poa.

Tangu hapo nafanya kazi ya kutunga majibu. Barua ya posa ya mdogo wangu imejibiwa, wamekubali, na duka letu la dawa limehamia fremu mpya ng'ambo ya barabara na mabosi wamekuja kukata utepe, lakini yote hayo yamepita huku midomo yangu ikichezacheza yenyewe. Mteja ananiuliza kama dawa ya minyoo inamezwa kabla ya kula au baada, mimi nimesimama nyuma ya kaunta namjibu Mzee.

Jibu la kwanza lilinijia kwenye daladala, usiku uleule. Ningemwambia: mzee, wimbo huu mmoja wa waliouandika ni Frank Sinatra. Aliurekodi mwaka 1951, wakati penzi lake na mwigizaji Ava Gardner linampelekesha dunia nzima ikiona. Santuri za Sinatra umezipanga kabatini, juu kabisa, watoto wasifikie. Mbona hujawahi kujiambia kwamba unampenda Sinatra kwa sababu aliumia? Mbona yeye ni fundi, na Billie ni majeruhi?

Zuri hilo. Limechelewa, lakini zuri.

La pili lilinijia Jumapili nikiwa nakosha vyombo, na hili ndilo hasa ninalotamani ningelisema, kwa sababu linamgusa Ella na Mwalimu alikuwepo. Watu husema Ella ni furaha na Billie ni huzuni, kana kwamba mmoja alizaliwa ikulu. Ella alifiwa na mama yake mwaka 1932, akiwa binti wa miaka 15. Akapelekwa kwenye nyumba ya kurekebishia wasichana kule Hudson, jimbo la New York, akatoroka, akawa anaishi kwa kubahatisha Harlem. Novemba 1934 alipanda jukwaa la Apollo, ukumbi wa hukohuko Harlem, kwenye shindano la vipaji, na alikwenda kucheza, si kuimba. Alipowaona Edwards Sisters wanavyocheza, akabadili mawazo papo hapo na kuimba, akashinda. Na Billie naye alipelekwa utotoni kwenye nyumba ya namna hiyo Baltimore, inaendeshwa na masista. Ukiuweka utoto wao mezani bila majina, utapata tabu kujua yupi ni yupi. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mwalimu kwamba anampenda Ella kwa sababu Ella alilala njaa.

Yaani Ella tunamsikiliza mdomo. Billie tunamsomea faili.

Na faili lake kweli ni nene, sikatai. Mwaka 1947 alifungwa kwa dawa za kulevya, na alipotoka akakosa kibali cha kuimba kwenye vilabu vya New York vinavyouza pombe, mji ambao ndio ulikuwa mkate wake. Mwaka 1959 alikamatwa na polisi akiwa kitandani hospitalini, na humohumo hospitalini akafia, Julai. Kuna jibu jingine nilitunga hapo: "Kuumia alitendewa, kuimba alifanya mwenyewe." Nililiona zuri mno, nikalichukia. Lingesikika kama la kwenye khanga.

Jumatatu nikahama kutoka kwenye hasira nikaingia kwenye hoja, ambayo ni afadhali kidogo. Ukimtoa machozi unabaki na nini? Haya mzee, tuhesabu. Sauti ya Billie haikuwa pana, imezidi oktava moja kidogo tu. Hakuwa na lifti. Kwa hiyo akafanyia kazi kitu kingine, wakati. Bendi inakwenda na mdundo wake, yeye anaubakisha mstari nyuma, unadhani kaachwa, halafu analisukuma neno moja mahali ambapo hakuna mtu mwingine angeliweka, na mstari mzima unakaa sawa. Wimbo wenye kupanda na kushuka anaunyoosha mpaka unabaki na noti chache, ili akipanda noti moja tu uisikie tumboni. Hiyo inafundishwa na maumivu gani? Watu wangapi wameumia kuliko yeye na hawawezi kuimba hata wimbo wa kulaza mtoto?

Na zile rekodi za miaka ya 1930 na mpiga piano Teddy Wilson, mbona hazitajwi? "What a Little Moonlight Can Do", Julai 1935. Benny Goodman kwenye klarineti, Roy Eldridge kwenye tarumbeta, Ben Webster kwenye saksafoni, na msichana wa miaka 20 mbele yao. Wimbo wenyewe hauna lolote, mbalamwezi na mapenzi, wa kupigwa baa kwenye zile mashine za muziki za kutumbukiza sarafu. Yeye anauchukua mbio na sauti imejaa kicheko. Machozi yako wapi humo, mzee? Nionyeshe hata tone.

Nilifika hapo nikiwa bado nimenuna, na nadhani ningenuna mpaka Jumamosi ijayo kama umeme usingekatika Jumanne usiku. Giza, joto, simu ina chaji ya kutosha, nikaweka spika za masikioni nikatafuta ile video ya kipindi cha televisheni cha CBS cha Desemba 1957, "The Sound of Jazz". Nilikuwa natafuta ushahidi, nisidanganye. Billie amekaa kwenye kiti kirefu, wanaume wamemzunguka na ala zao, anaimba "Fine and Mellow", bluzi aliyoitunga mwenyewe na kuirekodi mwaka 1939 pamoja na "Strange Fruit". Maneno ni ya mwanamke ambaye mwanamume wake anamtendea vibaya. Halafu wanaume wanapokezana kupiga. Zamu ya Lester Young, mpiga saksafoni, inafika, huyo ndiye aliyempa jina la Lady Day na yeye Billie akampa la Prez. Mgonjwa, amechoka, anasimama, anapiga mzunguko mmoja tu wa polepole, noti za kuhesabika.

Na kamera inakwenda kwa Billie. Anatikisa kichwa taratibu. Anatabasamu. Kila noti ikitoka uso wake unaipokea, unaikagua, unaikubali.

Nimeiona video hii mara nyingi, na siku zote nilikuwa naangalia mapenzi, au kwaheri, kwa sababu najua Lester alifariki Machi 1959 na Billie akamfuata Julai. Jumanne niliona kitu kingine kabisa. Niliona mtu wa kazi anayesikiliza kazi ya mwenzake na kuona imekwenda sawasawa. Ile sura naijua! Ndiyo sura ya Mzee wa Kaseti akiweka sindano juu ya Sarah Vaughan. Nikaanza kucheka peke yangu gizani. Bluzi yote inahusu mwanamume mkorofi, na mama mwenye bluzi yake ana raha kuliko watu wote chumbani.

Umeme uliporudi nikaitoa ile ya 1935 kwenye spika kubwa na nikaicheza jikoni, peku, saa tano za usiku. Bi Mkubwa akatoka chumbani na khanga yake kichwani kuuliza kuna nini. Nikamwambia sikiliza, mama. Akasimama mlangoni mpaka mwisho. Hajui Kiingereza cha nyimbo na hana habari na Baltimore wala polisi wala nini. Akasema, "Bendi yote inakimbia. Huyu hana haraka." Akarudi kulala.

Mzee, umesikia? Huyu hana haraka. Kasema mtu asiyejua hata kama aliumia.

Ni kweli nilianza kumsikiliza vizuri mwaka ule, sitaficha, mlikuwa mnaona nilivyokuwa naandika hapa. Usiku hauishi, simu haipokelewi, na kwenye kile kimeza kulikuwa na "Lady in Satin" niliyoazima kwa Mzee mwenyewe. Kwa hiyo labda alikuwa na haki fulani ya kuhisi anajua nasikiliza nini. Lakini jambo limeisha. Hati za talaka ziko kwenye bahasha, bahasha iko juu ya kabati, na bado namsikiliza Billie. Siku hizi namsikiliza nikipiga pasi.

Yeye mwenyewe keshasahau, naona. Jana asubuhi katuma kwenye kundi ile picha yake ya maua na "Amkeni salama wanangu", na ratiba: kikao kijacho ni wapiga saksafoni. Nimeitikia shikamoo. Sijaweka neno la ziada. Nitakwenda na Lester Young, nitaipiga ile ya 1957 yenye mzunguko wa polepole, na nitasubiri Mzee aniulize ni nani huyo mwanamke anayesikika akiimba.

Kinachoninyima usingizi sasa hivi ni kitu kingine, na naona heri nikiandike kuliko kukibeba. Bi Mkubwa anakohoa. Alianza kabla hatujahamisha duka na tangu hapo hajaacha. Mimi ndiye ninayewaambia wateja kila siku kwamba kikohozi kikifika wiki mbili nenda ukapime makohozi, usije kwangu kununua dawa ya maji, na hapa nyumbani nampa tangawizi na asali kwa sababu hataki kusikia habari za hospitali mpaka harusi ipite. Asubuhi nimekuta shuka zake zimelowa jasho. Anasema ni joto, na feni ilizunguka usiku kucha. Bima yake imeisha muda, mdogo wangu hela yote ameielekeza kwenye mahari, na yeye Bi Mkubwa kanitisha nisimwambie chochote. Kesho nina zamu ya asubuhi. Nimemwandikia mwenzangu nimwombe tubadilishane, hajajibu bado.