Kusutwa na watu, kusutwa na nafsi

Jumapili usiku. Umeme ulirudi saa nne, nikamalizia kurasa za mwisho za The Scarlet Letter, riwaya ya Nathaniel Hawthorne iliyotoka mwaka 1850. Nilikuwa naivutavuta tangu mwanzo wa mwezi. Nimeshaifunga, ila usingizi umegoma. Namwaza dada mmoja niliyesoma naye sekondari, yule wa godoro.

Kisa kipo Boston, Massachusetts, miaka ya 1640, enzi za Wapuritani, Wakristo wa msimamo mkali. Hester Prynne amezaa ilhali mumewe hayupo. Anatolewa gerezani na kichanga mikononi, anapandishwa jukwaani, anasimamishwa kwa muda wa saa tatu mji mzima ukimtazama. Kifuani ana herufi A ya kitambaa chekundu, ameitarizi mwenyewe kwa uzi wa dhahabu. Adhabu ya namna hiyo Hawthorne hakuibuni. Koloni la Plymouth lilikuwa na sheria ya mwaka 1658 iliyowataka wazinzi washone herufi AD kwenye nguo ya juu, na kule Massachusetts, mwaka 1644, mwanamke na mwanamume walinyongwa kwa kosa hilo. Kwa hiyo wanawake wanaonung'unika pale gerezani kwamba Hester kaonewa huruma, wakitaka achomwe paji la uso kwa chuma cha moto, mwandishi hakuwasingizia.

Jambo lililonikaa rohoni ni hili: anayemsihi Hester amtaje mwenzake mbele ya umati ni mchungaji Dimmesdale, na mwenzake ndiye yeye. Hester anakataa kusema.

Kwetu Dar es Salaam, uswahilini, mtu akizusha maneno hufuatwa mlangoni kwake. Kina mama huja na kigoma, kanga za sare, mashahidi wamo, wakamwimbia mpaka ajute. Huko ndiko kumsuta mtu. Lakini neno hilohilo tunalo kwa jambo lisilo na ngoma wala shahidi: nafsi inanisuta. Hester alisutwa na mji. Alishonea watu nguo, akauguza wagonjwa, akamlea bintiye Pearl huku kila mtu akijua lake. Dimmesdale alisutwa na nafsi. Waumini wake walimwona kama malaika, na usiku akajifungia chumbani akajichapa mijeledi. Ipo sura anayotoka usiku wa manane, akaenda kusimama juu ya jukwaa lilelile alilosimamishwa Hester, mji ukiwa umelala. Sura ile nimeisoma mara mbili. Mimi nimekuwa nikipanda jukwaa hilo gizani tangu mwaka 2004.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Yeye alikuwa kidato cha tatu, analala kitanda cha chini, mimi cha juu. Kila muhula wasichana tulipimwa mimba, na safari ile jina lake likaitwa. Kesho yake asubuhi, mstarini, alisimamishwa chini ya mlingoti wa bendera na vitu vyake vyote. Tranka liko chini kwenye changarawe. Godoro amelikumbatia, limekunjwa na kufungwa kwa mkanda wa sare. Lilimkinga kuanzia kidevuni mpaka magotini, hata lile tumbo tuliloitiwa tulitazame hatukuliona.

Akaulizwa, "Ni nani?" Kimya. Tukageukiwa sisi: "Anayemjua anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka. Mimi nilikuwa namjua. Alikuwa mwalimu wa tempo, na wakati ule alikuwa amesimama na walimu wenzake, anafuta chaki vidoleni kwa leso, kidole kimoja kimoja. Vipindi vilikuwa bado havijaanza. Barua nilikuwa nazipeleka mimi, ndani ya daftari la Biolojia. Ya mwisho niliipeleka Ijumaa iliyotangulia.

Kabla ya saa sita dada alishaondoka. Mwalimu alimaliza muhula wake, akaagwa kwa soda na keki.

Wakati ule msichana akipata mimba alifukuzwa, na shule ya serikali hakurudi tena. Waraka wa kuwaruhusu warudi ulitoka Novemba 2021. Mtoto wake alikuwa na miaka 16.

Hawthorne naye alikuwa na la kumsuta. Alizaliwa Salem mwaka 1804, na mmoja wa mababu zake, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu wa kesi za uchawi za mwaka 1692, ambazo watu 19 walinyongwa. Hakimu mwenzake, Samuel Sewall, aliomba radhi. Januari 1697, kanisani Boston, alimpa mchungaji karatasi aisome, naye akasimama mbele ya waumini mpaka ikaisha, akainamisha kichwa. Karatasi ilisema anataka kubeba lawama na aibu ya jambo lile. Vyote viwili. Sewall alikuwa mtu wa shajara, na tukio hilo aliliandika humo, nami nalisoma nikiandika yangu. Ann Putnam, aliyewataja watu kuwa wachawi akiwa na miaka 12, alisimama kanisani kuungama mwaka 1706.

Wiki hii kwenye kundi la WhatsApp la mtaa imetumwa video ya fumanizi. Mwanamke kajifunika shuka, anaomba simu ishushwe. Mwanamume kageukia ukutani, anavaa viatu. Vicheko vilishuka kama mvua. Mimi nilimwandikia msimamizi wa kundi aifute, lakini nilimwandikia pembeni, usiku, yeye peke yake. Gizani tena. Iliniuma, na ndiyo iliyonisukuma.

Leo mchana nilimpigia dada. Namba nilipewa na mwenzetu wa shuleni. Siku hizi anashona na kuuza vitenge Morogoro. Nilimwambia yote: kwamba nilikuwa namjua yule mtu, na mkono wangu ulibaki chini. Alinisikiliza bila kunikatisha, cherehani ikilia nyuma yake.

"Mdogo wangu," akasema, "na wewe ulikuwa mtoto."

Sikutaka anipunguzie. Nikamwambia nitayaandika watu wayasome, jina lake silitaji. Akasema andika.

Kisha akauliza, "Ile barua ya mwisho. Uliifikisha?"

"Niliifikisha, dada. Nilimpa mkononi."

"Akaisoma?"

"Akaisoma nimesimama palepale. Akaikunja, akaitia mfukoni."

Cherehani ikanyamaza.

"Kumbe," akasema. "Miaka yote hii mimi nilijua haikumfika."