Siku moja maishani mwangu: fundi wa zege, miezi minne baada ya kukatwa tumbo

Saa 11 alfajiri
Leo tunamwaga zege la slabu huko Goba, na mimi naanza na hesabu ya maji kabla ya hesabu ya saruji. Tangu nikatwe tumbo ili nipunguze uzito siwezi kubugia maji. Nikinywa glasi kwa mkupuo kifua kinabana, kisha yote yanarudi. Kwa hiyo nakunywa fundo moja moja tangu giza halijaisha, maana jua la Dar likishapanda huwezi kulikimbiza. Begini mna chupa mbili za lita moja na nusu, mayai ya kuchemsha, mtindi na vidonge. Vya madini ya chuma nameza asubuhi, vya kalsiamu jioni, kwa sababu ukivichanganya kimoja kinamzibia mwenzake njia. Vidonge hivi ni vya maisha.

Saa 12 na nusu
Bodaboda. Zamani dereva alikuwa ananitazama mimi, anatazama shokapu zake, ndipo anataja bei. Niliingia chumba cha upasuaji na kilo 148. Sasa nina 115 na nalipa nauli kama watu wengine.

Saa 1 asubuhi
"Shikamoo, Bonge!" Kilo zimeondoka, jina limebaki.

Wengi wakisikia habari yangu wanauliza kama niliwekewa puto tumboni la kupunguza uzito, kama wanavyowekewa watu pale hospitali ya Mloganzila. Hapana. Puto hupitishwa mdomoni bila kupasuliwa na baadaye hutolewa. Mimi sehemu kubwa ya tumbo lenyewe ilikatwa ikaondolewa, nikabaki na kama robo hivi. Nje utaona makovu madogo tu, na hayo makovu ndiyo yanayodanganya watu. Ndani nyama zinaunga taratibu, na ukikurupuka na mzigo mzito ngiri inatokea palepale kwenye tundu la upasuaji. Wiki sita za mwanzo nilikatazwa kuinua kitu cha kuzidi kilo 5. Kwa fundi hiyo ni ndoo ya maji isiyojaa. Niliporudi saiti nilikuwa mtu wa pima maji, kamba na kelele.

Mfuko wa kilo 50 niliokuwa nautupa begani, leo nafunga mkanda tunaubeba wawili, na siku ya zege siugusi kabisa. Yupo kijana wa kunibebea. Mkandarasi anamlipa kwa kukata kwenye fungu langu, jambo ambalo bado linanikaa rohoni.

Saa 3
Mashine inanguruma, ndoo zinapanda ngazi mkono kwa mkono, mmoja anashika vaibreta ya kutikisa zege likae vizuri, mimi na mwenzangu tunavuta ubao wa kusawazisha. Zege halilali: slabu ukiianza unaimaliza siku hiyohiyo, la sivyo zege jipya halishikani vizuri na lililokwisha kukaza, na mvua ya kwanza itakuonyesha mahali uliposimama. Sasa kazi hiyo aifanye mtu ambaye tumbo lake halitaki haraka hata kidogo. Dawa niliyoipata ni kutumia saruji kama saa yangu. Kila mifuko mitatu ikishaingia mashineni, kijana wa mashine anapiga mluzi, nami napiga fundo mbili. Wengine wanadhani mluzi ni wa mchanga.

Saa 5
Nimenyanyuka kutoka kuchuchumaa, macho yakaingia giza. Nikarudi chini palepale, mbali na ukingo, nikasubiri. Daktari alishanipunguzia dawa ya presha, kwa sababu mwili ukipungua dozi ile ya zamani inakushusha kupita kiasi. Ila jua nalo lina mchango wake. Nikateremka, nikanywa maji yenye ORS kivulini.

"Kunywa soda ya baridi, fundi, upate sukari," kijana mmoja ananihurumia. Gesi ya soda kwenye tumbo hili ni ugomvi mtupu, nikamshukuru tu. Na ule mtindo wetu mafundi wa kumeza diklofenaki mgongo ukiuma umeniishia, kwani dawa za aina hiyo zinachubua tumbo. Panadol, basi.

Saa 7 mchana
Tunakula kwa zamu ili mashine isizime. Naomba kipande cha samaki na maharage kidogo, bila ubwabwa. Mama ntilie ananikazia macho, maana mimi ndiye niliyekuwa namalizia sufuria. Nimekaa nyuma ya matofali natafuna. Samaki anayetosha kiganja ananichukua karibu nusu saa, tena maji hayaruhusiwi wakati wa kula, wala nusu saa baada ya hapo. Hicho ndicho kipande kigumu kuliko vyote vya siku: jua la utosi, zege linaita, na chupa iko pembeni inakuangalia.

Mama ntilie akaja kukusanya sahani, akainama sikioni. "Baba, samahani. Umepima?"

Najua anachouliza. Huku mtaani mtu akikonda ghafla tayari ana ngoma.

"Nimepima, mama, niko salama. Nimekatwa tumbo."

"Tumbo la uzazi?"

Nilicheka mpaka nikashika makovu. Nilipomweleza, aliguna, kisha akafunga kipande kingine cha samaki kwenye mfuko. "Hiki utakula usiku. Usinikatalie." Sikumkatalia.

Saa 10 jioni
Tumemaliza. Napitisha mwiko ukingoni nikiwa nimechuchumaa, kitu ambacho zamani nilikifanya nimekaa juu ya ndoo. Magoti yamepona, ngazi napanda bila kuhema. Mikono ndiyo imepungua nguvu, kwani ukila kidogo mwili haukati mafuta tu, unakata na misuli. Ndiyo maana samaki na mayai kwanza, wanga baadaye kama nafasi ipo.

Saa 12
Vijana wamelipwa. Mkandarasi amepiga simu: Jumatatu kuna slabu nyingine, Kibada. Nimemwambia nakuja, ila tuanze saa 12 asubuhi, na hela ya kijana wa kubeba saruji itoke kwake. Amesema atafikiria. Nimemwambia afikirie kabla ya Jumapili, maana vijana wazuri wanawahiwa.