Kumbukumbu ya mradi: kompyuta ya shangazi iliyokataa masasisho

Lengo ni kuifikisha kompyuta ya shangazi, hapa Walukuba, Jinja, kwenye sasisho la mwisho la bure la Windows 10, kisha kuiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa ulinzi unaoisha 13 Oktoba 2026. Sasisho lenyewe ni KB5066791, lililotoka 14 Oktoba 2025, siku msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipofungwa. Likikaa sawa, mashine inasoma toleo 19045.6456. Ya shangazi ilikuwa mbali nyuma, na kila jaribio lilimalizikia kwenye maandishi mekundu.

Windows 11 hapa haiingii kihalali. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha tatu, wakati Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha nane kwa upande wa Intel, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Njia za kulazimisha zipo, lakini hii ndiyo mashine anayochapia barua za kikundi chao cha akiba na kutunzia hesabu za watu, sitaki kuifanyia majaribio. Linux nilimwonyesha kwenye laptopu yangu. Aliitazama kidogo, akasema, "Hiyo ni yako, mwanangu. Mimi nitengenezee yangu." Mjadala ukaishia hapo.

Jumamosi

Kabla ya amri yoyote nilimwomba aiwashe mwenyewe, nione anachokiona yeye. Skrini nyeusi ikaandika kwamba saa haijawekwa, bonyeza F1 kuendelea. Akabonyeza bila hata kusoma, akaenda kuteleka chai. Windows ilipofunguka, pembeni chini palisomeka mwaka 2012.

Historia ya masasisho ilikuwa na safu ndefu ya kushindwa, na zote zilibeba namba moja: 0x80072F8F. Namba hiyo inahusu mawasiliano salama na seva. Cheti cha seva kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini kwamba iko 2012 ikionyeshwa cheti cha leo inaona kitu ambacho muda wake haujaanza, inakata mazungumzo. Kivinjari nacho kilikuwa kinagoma kufungua kurasa kwa sababu hiyohiyo, ila intaneti ya shangazi yote iko kwenye simu, kwa hiyo hakuna aliyejali.

Mtu atauliza, si Windows hujirekebishia saa yenyewe kwenye mtandao? Hujirekebishia, lakini kwa kompyuta ya nyumbani huduma ya saa ina mpaka. Tofauti ikizidi sekunde 54,000, yaani saa 15, haisogezi kitu. Ukiweka tarehe kwa mkono inashika hadi umeme wa ukutani uondoke, na shangazi huzima soketi kila usiku kuokoa yuniti.

Nikafungua boksi. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye feni kama kitambaa, na chini yake, pembeni ya madabodi, betri ya CR2032, inayoendesha saa kompyuta ikiwa imekatiwa umeme. Multimita ikasoma volti 1.1. Mpya huwa na 3. Nilikwenda Main Street kwa fundi wa saa, akanipa CR2025 akisema ni zilezile. Si zilezile: volti ni sawa na upana ni sawa, lakini CR2025 ina unene wa milimita 2.5 badala ya 3.2, inacheza kwenye kishikio chake. Tukabishana kidogo, akachimba droo, akatoa ninayoitaka kwa shilingi elfu tatu.

Betri ikaingia. Nikaweka tarehe kwenye BIOS, ile programu ya mwanzo ya madabodi, na sikugusa kingine humo, hasa mpangilio wa SATA, yaani wa kuunganisha diski, maana ukiubadilisha Windows iliyosakinishwa kwa mpangilio mwingine inaweza kukataa kuwaka. Ndani ya Windows nikachagua ukanda wa saa wa Nairobi (Kampala haimo kwenye orodha, na saa ni moja), nikaandika `w32tm /resync` ili saa ijisawazishe na mtandao, nikaomba sasisho.

Ikashindwa. Safari hii kwa 0x80070070.

Nilifurahi, na shangazi akaniona wa ajabu. Kwangu namba ikibadilika kazi imesonga: hitilafu ya kwanza imeondoka, ya pili imepata nafasi ya kujitokeza. Ndiyo maana naziandika zote kwenye daftari kwa mpangilio. Anayeangalia neno "imeshindikana" peke yake ataona kila siku ni ileile.

Jumapili mchana

0x80070070 ni diski kujaa. Mafundi wetu wengi wanapouza mashine zilizotumika hugawa diski, C ndogo na D kubwa, ili siku Windows ikiharibika faili zibaki salama. Wazo si baya, ila C ya GB 60 haitoshi tena. Hapa D ilikuwa karibu tupu, huku video za harusi zimejazana kwenye desktopu, ambayo iko C.

Video zikahamia D. `powercfg /h off` ikaondoa faili la usingizi mzito, GB 3 hivi kwenye mashine yenye RAM ya GB 8. Kisafisha diski, kilichofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, kikatoa mabaki ya masasisho ya zamani. Nafasi ikapatikana ya kutosha na ya ziada.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu bando. Ushauri wa kwanza utakaopewa popote ni kusimamisha huduma za masasisho na upakuaji, wuauserv na bits, kisha kufuta au kubadilisha jina folda ya SoftwareDistribution, ambamo masasisho yaliyopakuliwa hukaa. Kwa mwenye faiba ni ushauri mzuri. Kwa anayetumia hotspoti ya simu, ndani ya folda hiyo mna mamia ya megabaiti aliyokwisha kuyalipia, pamoja na ushuru wa asilimia 12 unaotozwa kwenye data nchini Uganda tangu Julai 2021. Ukiifuta, unanunua upya. Mimi huifuta pale tu namba ya kosa inapoelekeza kwamba kilichopakuliwa kimeharibika. Vinginevyo naenda kwenye Katalogi ya Masasisho ya Microsoft, natafuta KB ninayoitaka, napakua faili la .msu, yaani sasisho la kusakinisha kwa mkono, mara moja na kulitia kwenye flashi. Na kwa kuwa masasisho ya kila mwezi ya Windows 10 ni ya malimbikizo, la mwisho linabeba yote yaliyotangulia, huna haja ya kufukuzia kila mwezi uliokosa.

Mashine hii pia ilikuwa imewekewa alama ya mtandao wa kupimwa kwenye Wi-Fi. Alama hiyo huzuia mapakuzi makubwa bila kutoa kosa lolote, sasisho linangoja tu. Nimeiacha. Inamlindia bando lake, na .msu haiihitaji.

Katikati ya wiki

.msu ikaanza vizuri, ikafika mbali, ikaanguka: 0x80073712. Hapa ndipo palipokuwa na ugonjwa wenyewe. Namba hii inasema ghala ya vipengele, ile folda ya WinSxS ambamo Windows hutunza nakala za sehemu zake, ina kitu kilichoharibika au kilichopotea. Nilipomuuliza shangazi kama umeme uliwahi kukatika kompyuta ikiwa inasasisha, alicheka. Mvua ya radi ikitoka ziwani hapa Jinja haiulizi nani anasasisha nini.

Amri ya kurekebisha ghala hiyo, `dism /online /cleanup-image /restorehealth`, ikasimama kwenye 62.3% kwa muda mrefu, jambo la kawaida kwake, usiikatishe. Mwishowe ikarudisha 0x800f081f: faili za kurekebishia hazikupatikana. Unaweza kuielekeza kwenye ISO, faili lenye Windows nzima ya kusakinisha, kwa `/source` na `/limitaccess`, lakini ISO ina faili za siku ilipotengenezwa, na kilichoharibika kikiwa ni kipengele kilicholetwa na sasisho la baadaye, humo hakimo. `C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log` (kumbukumbu ya Windows ya kazi hiyo) ilionyesha ndivyo ilivyokuwa, matoleo yaliyotajwa humo yalikuwa mapya kuliko ISO. Kuendelea na DISM kungekuwa kupoteza jioni.

Nikaamua kusakinisha juu kwa juu: unafungua ISO ya Windows 10 ukiwa ndani ya Windows yenyewe, unaendesha setup.exe, unachagua kubakiza faili na programu. Mfumo unajengwa upya, barua na hesabu zinabaki. ISO nilipakulia ofisini kwa rafiki mwenye faiba. Hesabu za kikundi nilinakili kwanza kwenye flashi mbili, moja akaifunga shangazi kwenye kitambaa na kuiweka anakojua yeye.

Jumamosi nyingine

Kazi ya namna hii haitaki umeme ukatike katikati. Kijana wa saluni ya jirani ana paneli za sola na inveta, kwa hiyo nikabeba boksi na skrini hadi kwake.

"Inakula wati ngapi hiyo, kaka?"

"Haifiki mia moja."

"Basi chomeka pale, mashine ya kunyolea ina yake."

Wateja walinyolewa huku asilimia zikipanda, na kila aliyeketi alikuwa na maoni. Mzee mmoja alishauri kompyuta izimwe ipumzike kidogo. Nilimshukuru, nikasimama kati yake na swichi. Ilijizima na kujiwasha yenyewe mara kadhaa, kisha ikafunguka na desktopu ya shangazi ikiwa vilevile, hadi picha ya mjukuu. Nikaendesha .msu kutoka kwenye flashi papo hapo. Ikapita. `winver` ikasoma 19045.6456.

Jioni nyumbani, ukurasa wa masasisho ulikuwa na kiungo cha kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Njia ni tatu: kusawazisha mipangilio kwa akaunti ya Microsoft bila malipo, kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kulipa dola 30. Tukachukua ya kwanza. Zote zinataka akaunti ya Microsoft, na shangazi hakuwa nayo. Nenosiri alilichagua mwenyewe na kuniamuru nigeuke nitazame ukutani.

Kimebaki kimoja: sasisho la sehemu ya uokoaji, WinRE, linashindwa kwa 0x80070643, namba iliyopata umaarufu kwa KB5034441 ya 9 Januari 2024. Linataka MB 250 tupu ndani ya kigawanyo cha uokoaji, na cha mashine hii ni kidogo. KB5034441 iliziba pengo la kuikwepa BitLocker, ulinzi wa kufunga diski kwa siri, na shangazi hatumii BitLocker. Kukipanua kunadai kuizima WinRE kwa `reagentc /disable`, kupunguza C, kufuta kigawanyo na kukiunda upya. Kwa sasa nakiacha hivyo, na flashi yenye ISO ya kuwashia imekaa kwenye droo ya meza yake.