Siku yangu ya Ngongo, na blanketi lililonishinda

Saa 10:30 alfajiri. Naamka kabla ya adhana. Mtwara mwezi wa nane upepo wa kusi unaingia hadi chini ya mlango, na sebuleni, ambako ndiko kwenye cherehani yangu, blanketi la viraka limetandazwa sakafuni kama mgonjwa. Wiki ya tatu sasa. Nimeunga vitenge mraba kwa mraba, nikaanzia katikati kwenda nje, na katikati pamefura kama andazi. Nimefumua mara mbili. Leo sifumui. Leo nakwenda Ngongo, Lindi, kwenye maonyesho ya Nane Nane.

Saa 12 asubuhi. Kosta ya Lindi. Kwenye daftari la oda nimeandika "Ngongo" mahali ambapo siku nyingine ningeandika sketi ya shule au gauni la sendoff. Fundi akifunga mlango siku nzima hela haiingii, na wateja hawakosi kukukumbusha. Lakini siku ya kwenda kuangalia kazi za wenzangu naihesabu kuwa ni siku ya kazi, kwa sababu nikirudi mikono yangu huwa na jambo jipya la kufanya.

Tunapita Mikindani, bahari iko kulia. Mwaka jana mafundi watano tulichukua nyumba pale siku tatu, tukashona tu. Hakuna mteja, hakuna mtoto anayeomba uji. Hapo ndipo nilipogundua kosa nililolifanya kwa miaka: mwenzangu mmoja aliloweka vitambaa vyote usiku kucha kabla hajagusa mkasi. Kanga na kitenge havirudi, yaani havisinyai, sawasawa vikilowa. Ukiviunga vikiwa vipya, blanketi likifuliwa mara ya kwanza linajikunja, na mteja anakuona wewe ndiye mbovu. Nisingelijua hilo kwa kukaa peke yangu dukani.

Saa 3. Ngongo, viwanja vya Nane Nane vya kanda yetu ya kusini. Vumbi, vipaza sauti, matrekta, ufuta, korosho za kila namna. Napita haraka hadi kwenye mabanda ya wajasiriamali. Kina dada wa batiki wananipa kona ya kamba yao, natundika mablanketi mawili ya kuuza.

Mzee mmoja anasimama, anayatazama kwa muda. "Mama, viraka si vya mtu aliyekosa?"

"Ni kweli baba, ndiko vilikoanzia," namjibu. Namsimulia wanawake weusi wa Gee's Bend, kule Alabama, Marekani, walioshona mablanketi kwa suruali za shamba zilizochakaa ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 2002 mablanketi yaleyale yalitundikwa ukutani kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikayatoa kwenye stempu. Mzee anashika pindo, analisugua kwa vidole. Hanunui, lakini anakwenda kumwita mkewe.

Saa 5. Hapa ndipo siku yangu ilipo. Bibi mmoja wa Mchinga ameketi juu ya mikeka yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba niugeuze nione nyuma."

"Geuza tu, mkeka hauna aibu."

Napiga magoti. Ukili, yaani utepe wa miyaa iliyosukwa, wenye upana wa vidole vitatu, umeshonwa ukingo kwa ukingo kwa uzi wa miyaa, na mshono umejificha ndani ya msuko hadi natafuta kwa ukucha. Zambarau inakutana na kijani mahali ambapo hazikupangwa zikutane. Mistari hailingani hata kidogo, na bado mkeka umelala chini kama maji. Namuuliza kwa nini haufuri. Ananionyesha bila maneno mengi: analaza ukili mpya, anaupapasa kwa kiganja toka mwanzo hadi mwisho, ndipo anatia sindano.

"Usivute. Ukivuta unajikunja. Na anzia pembeni."

Pembeni! Nikawakumbuka Wasidi wa Karnataka, India, watu ambao mababu zao walivushwa Bahari ya Hindi kutoka Afrika, wengi wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mablanketi wanayoyaita kawandi: wanaanzia kwenye kona, wanazunguka na ukingo kwa mkono, bandi fupi fupi, yaani mishono ya kupitisha sindano juu na chini, hadi wanakutana katikati. Kwenye kona wanaweka vipande vidogo vilivyokunjwa, phula, yaani maua. Bila maua hayo, wanasema, blanketi liko uchi. Nilikuwa nimeziona picha zao kwenye simu zaidi ya mara kumi nikasifu rangi tu. Ilibidi nipige magoti mbele ya mkeka wa Mchinga ndipo nielewe mkono unakwendaje.

Nachora kwenye daftari kurasa nne. Nanunua mkeka.

Saa 8. Wali na pweza. Blanketi moja limeuzwa. Mke wa yule mzee.

Saa 10 jioni. Kosta imejaa, mkeka nimeupakata. Sioni barabara, nakata vitambaa kichwani.

Saa 2 usiku. Nimefumua katikati yote. Vitenge nimevichana kanda ndefu za vidole vitatu, chini nimetandika kanga kuukuu mbili, zilizolowekwa na kukauka. Binti yangu anashika taa ya simu maana umeme umekatika. Kwa ajili ya ua la kona natafuta kwenye kikoba cha vibaki, napata kipande cha jina la kanga ya marehemu mama. Limebaki neno moja tu, "mwanangu". Nakunja mara mbili, nalaza kwenye kona, napapasa kwa kiganja. Sivuti. Bandi ya kwanza inaingia.